Mnaosema "waigeni Wahindi, hawajaacha mila zao": huko India kwenyewe wanalia zimekwisha

Fundi Cherehani (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila tukijadili humu habari ya vijana wetu kuacha mila, hazipiti posti tatu kabla hajatokea mtu wa kusema: "Waangalieni Wahindi. Wana kompyuta, wana roketi, na bado mwanamke kavaa sari na wazazi ndio wanaotafuta mchumba." Nusu ya ushahidi wa hoja hiyo unatoka Zee World, ile chaneli ya tamthilia za Kihindi, ambako bibi, wajomba, mashemeji na wake zao wote wanaishi kwenye kasri moja na kuamka asubuhi vipodozi vikiwa tayari usoni.

Ukifika India kwenyewe unakuta wazee wanalia kilio kilekile cha wazee wa Songea. Umagharibi umeingia, watoto hawasikii, Kiingereza kimekula lugha za nyumbani, kila mtu kajifungia kwenye fleti yake. Sisi tunaona wamehifadhi, wao wanaona wamepoteza. Nilisoma Pune miaka kadhaa, na tangu hapo sijaacha kufuatilia historia yao. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekodolea macho kitu kisicho. Vingi vinavyopigiwa kelele kuwa ni "utamaduni wa asili" ni vichanga, tena viko salama salimini. Vilivyokufa kweli ni vya watu wasio na sauti, na havikuandamaniwa na mtu.

Tuanze na sari. Kitambaa chenyewe ni cha kale sana, sibishi. Ila uvaaji ule wa blauzi fupi juu na gagulo ndani ni wa juzi. Huko Bengal, mashariki mwa India, karne ya 19, wanawake wa nyumba kubwa walijifunga sari peke yake, maana hawakuwa wakitoka nje. Kisha waume zao wakaanza kupata vyeo serikalini kwa Mwingereza, na wake wakatakiwa kuonekana mbele za wageni. Jnanadanandini Devi alikuwa mke wa Satyendranath Tagore, Mhindi wa kwanza kuingia utumishi wa juu wa serikali ya kikoloni. Alimfuata mumewe upande wa Bombay, akaona wanawake wa Kiparsi (jamii yenye asili ya Uajemi) wanavyovaa, akaongeza blauzi na gagulo, akarudi Calcutta kuwafundisha wenzake. Hiyo ni miaka ya 1860 na 1870. Kipimo cha adabu kilichomo kwenye vazi lile ni cha enzi za Malkia Victoria. Leo binti wa Delhi akivaa jinzi anaambiwa ameiga Wazungu, na anayemwambia anamtaka arudi kwenye blauzi.

Bharatanatyam, ile ngoma ya Kitamil ambayo kila ubalozi wa India huionesha kwenye sherehe, kisa chake ni kizito zaidi. Zamani iliitwa sadir, na wachezaji walikuwa devadasi, wanawake waliowekwa wakfu kwa hekalu, wengine wakicheza kwenye mabaraza ya wafalme. Walirithishana ufundi ule kwa vizazi. Mwishoni mwa karne ya 19 wamisionari pamoja na wasomi wa Kihindi wakaanza kampeni ya kuipinga, wakisema ni uasherati. Haikuwa uzushi mtupu, unyonyaji ulikuwepo na wasichana wadogo waliumia. Mwaka 1947 jimbo la Madras, huko kusini, likapitisha sheria ya kukataza kuwaweka wasichana wakfu. Ila kabla hata sheria haijapita, ngoma ilishahamia mikono mingine. Rukmini Devi Arundale, mwanamke wa Brahmin, tabaka la juu kabisa, alipanda jukwaani mwaka 1935, na mwaka uliofuata akaanzisha taasisi ya Kalakshetra. Akaisafisha, akapunguza yale ya mahaba, akaongeza ibada. Balasaraswati, aliyezaliwa kwenye ukoo wa devadasi na kufariki mwaka 1984, alipinga usafishaji huo maisha yake yote. Alishikilia kwamba mapenzi yaliyomo kwenye ngoma ndiyo ibada yenyewe. Ngoma ikapata heshima duniani. Koo zilizoibeba karne na karne zikabaki na aibu.

Sasa niambieni, hapo utamaduni umehifadhiwa au umepotea?

Ndoa. Hapa ndipo wengi mnasema Wahindi wametushinda. Kweli, ndoa za kupangwa hazijafa. Intaneti imezipa injini. Shaadi.com na BharatMatrimony ni za miaka ya 1990, na humo unachagua mchumba kwa tabaka, tabaka dogo, kimo na kazi. Utafiti mkubwa wa kaya wa mwaka 2011 hadi 2012 ulikuta ndoa za kuvuka tabaka ni kama 5 tu katika kila 100. Wawili wakitaka kuoana kwa sheria ya kiraia ya mwaka 1954, inayoruhusu dini tofauti, tangazo lao hubandikwa ofisini siku 30 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Na wenye pingamizi huwa wanajitokeza kweli, wakati mwingine na fimbo mkononi.

Halafu kuna mali ya harusi. Kwao upande wa bibi harusi ndio unaompa bwana harusi, kinyume cha mahari yetu. Ilipigwa marufuku mwaka 1961. Badala ya kufa ikasambaa, na jamii nyingi za tabaka la chini na za kusini zilizokuwa zikitoa mahari kama sisi zikageuza na kuanza kudai kutoka kwa familia ya msichana, kwa sababu ndivyo wafanyavyo wakubwa. Kadiri kijana alivyosoma na kupata kazi nzuri ndivyo bei yake ilivyopanda. Polisi wa India huandikisha vifo kama 6,000 kwa mwaka vya wanawake vinavyotokana na madai hayo. Usasa ndio ulioilisha hiyo mila.

Habari za McDonald's nazipitia mbio. Walifungua Delhi mwaka 1996 bila nyama ya ng'ombe, wakatengeneza baga ya kiazi, maisha yakaendelea. Kabla yao KFC waliandamwa na wakulima huko Bangalore. Kila Februari 14 vikundi vya vijana huvamia maduka ya kadi na wapenzi bustanini. Januari 2009 huko Mangalore wanawake walipigwa ndani ya baa kwa jina la kulinda utamaduni. Kelele nyingi, kamera nyingi.

Ila sijawahi kusikia kundi hata moja la hao likiandamana kwa ajili ya mfumaji.

Sensa ya wafumaji wa mikono ya katikati ya miaka ya 1990 ilihesabu watu laki 65. Ya mwaka 2009 hadi 2010 ikakuta laki 43. Ya mwaka 2019 hadi 2020, laki 35. Nenda Varanasi, kwenye vichochoro ambako familia za Kiislamu za Ansari hufuma sari za hariri ambazo mabibi harusi wengi wa Kihindu huzivaa siku ya ndoa. Sari moja ya mkono hula wiki kadhaa, yenye nakshi nyingi hula miezi. Mashine za mji wa Surat zinanakili mchoro uleule na kuuza kwa bei ya kutupa, na jina wanaweka lilelile, "Banarasi", yaani ya Banaras, jina jingine la Varanasi. Jina limelindwa kisheria tangu mwaka 2009, lakini mteja wa sokoni hasomi sheria. Mtoto wa mfumaji anaona kheri aendeshe bajaji. Serikali iliipa kazi hii siku yake ya kitaifa, Agosti 7, kuanzia mwaka 2015. Mwaka 2020 ikaivunja bodi ya kitaifa iliyokuwa inawapa wafumaji mahali pa kusemea.

Na msidhani balaa hili liko mbali nasi. Kaniki zilizovaliwa pwani yetu karne ya 19 zilitoka kwa wafumaji na watia rangi wa India. Merikani, mnajua wenyewe jina limetoka wapi, ilipoanza kushuka Unguja miaka ya 1830 kwa majahazi ya Wamarekani, iliwasukuma kando. Mfumaji wa Kutch, magharibi mwa India, alianza kupoteza soko hapa Zanzibar kabla mjukuu wake hajapoteza la kwao.

Naomba kuwasilisha kwa sasa. Jioni nitarudi kujibu.

Mzee wa Nondo

Mleta mada umeandika kirefu ila umemwacha mchawi mwenyewe. Lord Macaulay, yule ofisa wa Kiingereza, Februari 2, 1835, alisimama Bungeni London akasema ametembea India yote hajaona ombaomba wala mwizi, na kwamba hawatawaliki mpaka wavunjwe uti wa mgongo, yaani utamaduni na elimu yao. Ninayo hiyo kwenye simu, nimetumiwa na watu zaidi ya mmoja. Kila kitu kimeanzia pale.

Fundi Cherehani

Mkuu, hiyo hata Wahindi wenyewe wanatumiana kila wiki, na ni ya kutunga. Tarehe hiyo Macaulay hakuwa London, alikuwa Calcutta. Alichokiandika siku ile ni waraka kuhusu elimu, na ule wa kweli unauma kuliko wa WhatsApp. Alitaka kuzalisha tabaka la watu walio Wahindi kwa damu na rangi lakini Waingereza kwa ladha, mawazo na maadili. Akasema rafu moja ya maktaba nzuri ya Ulaya ina thamani kuliko maandishi yote ya India na Uarabuni. Na humohumo anakiri kwamba hajui Kisanskriti wala Kiarabu! Mtu anahukumu ghala ambalo hajaingia.

Hapo nakubaliana nawe, sumu ile ilikolea. Shule ya Kiingereza India leo ni kama huku kwetu, mzazi anauza kiwanja mtoto asome. Ila ule uwongo kwamba kabla yake hapakuwa na maskini unafanya kazi nyingine: unafuta walioteseka ndani ya huo "uti wa mgongo".

Mla Urojo

Mimi naona unazunguka tu mwisho uwatetee Wazungu. Kila mila ya Kihindi umeitafutia doa. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, taarabu yetu imekunywa mahadhi ya Kihindi na bado ni yetu. Kuchanganyika si kupotea, na kupotea kupo, usiwacheke wanaolia.

Fundi Cherehani

Sheikh, siwacheki. Nauliza tu analia nani.

Nikupe mfano wa Travancore, ufalme wa zamani huko kusini, leo ni sehemu ya majimbo ya Kerala na Tamil Nadu. Wanawake wa jamii ya Nadar hawakuruhusiwa kufunika kifua mbele ya watu wa tabaka la juu. Ndiyo ilikuwa heshima, ndiyo ilikuwa mila. Walipoanza kusoma kwa wamisionari na kuvaa vijikoti, wakachaniwa nguo sokoni, nyumba zikachomwa, na waliochana walisema wanalinda desturi. Mwaka 1859 mfalme akatoa tangazo wafunike, lakini wasivae kwa mtindo wa wanawake wa tabaka la juu. Ukimwambia mjukuu wa mama yule kwamba blauzi ni ukoloni, atakutazama usoni.

Au Ambedkar, aliyeongoza uandishi wa katiba ya India. Gandhi alisomea sheria London, akavaa suti, kisha mwaka 1921 huko Madurai akaamua kubaki na kishuka cha khadi (kitambaa cha kusokotwa na kufumwa kwa mkono) kiunoni, na dunia ikampenda. Ambedkar alizaliwa kwa watu walioitwa wasioguswa. Mwaka 1927 aliongoza maelfu kwenda kunywa maji ya bwawa la Mahad, maana hata maji ya umma walikuwa wanakatazwa. Yeye hakuivua suti. Sanamu zake zimetapakaa India nzima, na utamkuta na suti ya buluu, tai na katiba mkononi. Umaskini wa mavazi ni fadhila kwa aliyekuwa na uwezo wa kuuchagua.

Na usasa si lazima uje na suti. Ishwar Chandra Vidyasagar alikuwa bingwa wa Kisanskriti, akivaa shuka na ndara zake, na ndiye aliyepigania sheria ya mwaka 1856 ya wajane kuolewa tena. Hoja alizitoa kwenye vitabu vitakatifu vyao wenyewe. Ombi la kumpinga lilipata sahihi nyingi kuliko lake.

Hilo la taarabu tuko pamoja mia kwa mia.

Mmwera Halisi

Nimekaa paleee nasoma. Swali: vipi familia ya pamoja? Maana hiyo ndiyo naiona nzuri kwao, wazee hawatupwi.

Fundi Cherehani

Mkuu, kwa jina lako hili jibu utalielewa kuliko wengine.

Wanayar wa Kerala walikuwa na ukoo wa upande wa mama, kama nyinyi, kama Wamakonde na Waluguru. Nyumba kubwa iliitwa tharavad, mali ilikuwa ya mama na watoto wa binti zake, mjomba ndiye msimamizi. Mwanamke hakuhamia kwa mume, na akitaka ndoa iishe inaisha bila kesi. Mahakama za Mwingereza na vijana wao wenyewe waliosoma Kiingereza wakaona aibu, wakasema hiyo si ndoa. Sheria ya Madras ya mwaka 1933 ikaanza kuwaruhusu kugawana, na mwaka 1975 Kerala ikafuta kabisa umiliki wa pamoja. Baba akawa kichwa cha nyumba, mali ikahamia kwake. Majumba yale ya mbao mengine yamevunjwa na kuuzwa vipandevipande, milango yake utaiona hotelini. Ukitaka upotevu wa kweli, mzima mzima, ni huo. Na mwanamke ndiye aliyeshushwa, tena kwa jina la maendeleo.

Kuhusu wazee: India ina sheria ya mwaka 2007 inayomlazimisha mtoto kumtunza mzazi, baraza linaweza kumtoza hadi rupia 10,000 kwa mwezi. Sheria ya namna hiyo haitungwi mahali ambapo mambo ni shwari. Lakini usirudi nyuma ukadhani kulikuwa na pepo. Mji wa Vrindavan umejaa wajane, wengi kutoka Bengal, walioachwa huko waimbe bhajani, nyimbo za ibada, hekaluni wapate chakula. Hilo halikuletwa na fleti. Familia ya pamoja ilikuwa nzuri ikitegemea umekaa chumba gani.

Binti wa Upanga

Kaka mleta mada, shikamoo na hongera. Mimi ni wa hao Wahindi mnaowasema, babu wa babu alitoka Kutch na jahazi, nimezaliwa Dar. Niongeze kitu. Sisi wa huku tumeganda. Nilipokwenda Ahmedabad harusini, binamu zangu walikuwa wamepanga picha na ngoma za Kipunjabi walizoziona kwenye sinema, sherehe za siku nzima ambazo bibi yangu hajawahi kuzisikia. Mimi nikauliza nyimbo zile za wanawake usiku wa hina, za kutaniana kwa Kigujarati, hakuna anayezijua. Walinitazama kama nimetoka makumbusho. Kwa hiyo hata kabla ya Umagharibi, Bombay inawala wenyewe.

Fundi Cherehani

Marahaba dada, umesema jambo ambalo nilikuwa nalitafutia pa kuliingizia. Kila mtu anasema Kiingereza kinaua. Kwa sensa ya mwaka 2011, wanaojua Kiingereza ni kama mmoja katika kila kumi, wengi wao kama lugha ya pili au ya tatu. Muuaji wa karibu ni Kihindi na lugha nyingine kubwa. Sensa ya mwaka 1961 iliorodhesha majina ya lugha za mama 1,652. Kuanzia mwaka 1971 serikali ikaacha kuchapisha zile zenye wasemaji chini ya 10,000. Lugha haikufa, iliondolewa kwenye daftari kwanza. Januari 2010 huko visiwa vya Andaman alifariki bibi aliyejulikana kama Boa Sr, msemaji wa mwisho wa lugha ya Aka-Bo. Miaka yake ya mwisho hakuwa na wa kuongea naye kwa lugha ile.

Sisi tuandikao hapa kwa Kiswahili tusijifanye hatujui kazi hiyo inavyofanyika. Mmwera Halisi hapo juu, watoto wako wanaongea Kimwera?

Mmwera Halisi

Mkuu umenipiga chini ya mkanda. Wanaelewa kidogo wakitukanwa na bibi yao.

Mama Kitenge

Asante kwa madini. Mwezi ujao nampeleka mama Chennai kwa matibabu. Nikitaka kumnunulia sari iliyofumwa kwa mkono kweli, sio ya mashine, nitaitambuaje? Sitaki kupigwa.

Fundi Cherehani

Ugua pole kwa mama. Ukiwa Chennai uko pazuri, maana Kanchipuram, kwenye hariri nzito za kusini, ni kama kilomita 70 tu. Tazama mahali pindo linapokutana na mwili wa sari. Kwenye zile bora za huko mwili na pindo hufumwa kwa nyuzi tofauti kisha zinashikanishwa palepale kwenye kitanda cha mfumi, mtindo unaitwa korvai, na huhitaji mtu wa pili wa kusaidia kurusha uzi. Pale kwenye maungio utaona mstari wenye vijino kama vya msumeno. Mashine nyingi za bei rahisi zinatoa mstari ulionyooka tu. Geuza na upande wa nyuma uone kama nyuzi za maua zimekatwakatwa ovyo.

Uliza alama ya serikali ya ufumaji wa mkono, ni kibandiko kinachoshonwa kwenye kitambaa, na kingine cha hariri halisi. Ukiogopa wauzaji wa mitaani, ingia duka la Co-optex, ni ushirika wa wafumaji wa Tamil Nadu tangu mwaka 1935 na bei zao zimeandikwa. Za pamba ni nafuu kuliko za hariri na kwa joto la Dar zinavalika zaidi.

Ukipata, weka picha humu.